Kuzaa si Kazi: Henry Jayasena na Swali la Tafsiri

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wafikapo kwenye kazi za tafsiri huwa na mazoea ya kuzitaja upesi kisha kupita. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, alizozitafsiri Mwalimu Julius Nyerere, hutolewa kama ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mawazo mazito. Mfalme Edipode ya Samuel Mushi hutajwa papo hapo, aghalabu katika sentensi moja. Baada ya hapo mlango hufungwa. Hoja inayotolewa ni kwamba kazi hizo si fasihi ya Kiswahili hasa, maadamu aliyezizaa ni Mwingereza au Myunani, na Kiswahili kimezivisha nguo tu. Hoja hiyo ina kasoro, na maisha ya mwigizaji mmoja wa kisiwa cha Sri Lanka yanaianika kasoro hiyo waziwazi kuliko nadharia nyingi zinazofundishwa darasani.

Mwigizaji huyo ni Henry Jayasena, aliyezaliwa Gampaha mwaka wa 1931 na kufariki mwezi wa Novemba 2009. Kwa watazamaji wa runinga wa miaka ya 1990 alikuwa ni babu tu. Katika Doo Daruwo, mchezo wa mfululizo ulioongozwa na Nalan Mendis, aliigiza mzee wa familia aitwaye Sudu Seeya, yaani "babu mweupe", na jina hilo likamganda kiasi kwamba wengi walilitumia kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Sifa ya namna hiyo si haba. Hata hivyo, anayemjua Jayasena kwa uzee wake wa runingani pekee amekutana na msafiri anapotua mzigo, wala hajui mzigo wenyewe ulitoka wapi.

Ulitoka ofisini. Baada ya kufundisha Kiingereza kwa muda mfupi katika shule ya kijiji cha milimani, Jayasena aliajiriwa kuwa karani katika Idara ya Ujenzi ya serikali. Mchana alishughulika na majalada; jioni alikuwa kwenye mazoezi ya michezo ya kuigiza. Huo ulikuwa wakati wa msukosuko mkubwa wa lugha. Mwaka wa 1956 sheria ilikifanya Kisinhala kuwa lugha rasmi ya pekee ya Ceylon, kama nchi ilivyoitwa hadi 1972, uamuzi uliowatenga wasemaji wa Kitamil na kuacha kidonda kilichokuja kuoza vibaya. Mwaka huohuo Profesa Ediriweera Sarachchandra alileta jukwaani Maname, tamthilia iliyofufua sanaa za jadi za uigizaji na nyimbo, na ghafla kila mwandishi kijana akajiuliza ukumbi wa maonyesho wa Kisinhala ungelishwa nini baada ya hapo.

Wapo walioona kwamba jibu ni kurudi kwenye ngano za kale na kubaki humo. Jayasena alirudi pia, lakini kwa ubishi. Tamthilia yake ya Kuveni, ya mwaka wa 1963, inatokana na kisa ambacho kila mtoto wa Kisinhala hukisikia: Mwanamfalme Vijaya anafika kisiwani kutoka India, anamwoa Kuveni, mwanamke mwenyeji, anatwaa nchi kwa msaada wake, kisha anamfukuza yeye na wanawe wawili ili aoe binti mfalme kutoka ng'ambo. Masimulizi ya kale humtukuza Vijaya kuwa mwanzilishi wa taifa. Jayasena alimpa Kuveni nafasi ya kudai haki yake.

Mwaka uo huo wa 1963 alionekana katika filamu ya Gamperaliya, iliyoongozwa na Lester James Peries kutokana na riwaya ya Martin Wickramasinghe ya mwaka wa 1944. Aliigiza Piyal, mwalimu kijana anayempenda binti wa nyumba kubwa ya kijijini na kukataliwa kwa sababu ya hali ya ukoo wake. Binti huyo, Nanda, anaozwa kwa Jinadasa, mtu wa ukoo mzuri na mfuko mtupu. Piyal anakwenda mjini, anapata mali kwa biashara, na hatimaye anamwoa Nanda. Filamu hiyo ilitunukiwa Tausi wa Dhahabu katika tamasha la New Delhi mwaka wa 1965. Uigizaji wa Jayasena humo ni wa kimya: macho yanasema, mdomo unasubiri. Mtu angedhani huyo ni mwigizaji wa filamu tu, asiyeweza kupaza sauti katika ukumbi.

Miaka minne baadaye alipaza. Mwaka wa 1967 alitoa Hunuwataye Kathawa, tafsiri yake ya tamthilia ya Bertolt Brecht kuhusu duara la chaki. Kisa ni hiki. Wakati wa maasi mke wa gavana anakimbia na kumwacha mwanawe mchanga, huku akihangaikia nguo zake. Mtumishi wa jikoni, Grusha, anamchukua mtoto, anamlea kwa dhiki, hata anakubali ndoa asiyoitaka ili mtoto apate paa. Amani ikirejea, mama mzazi anamdai mwanawe mahakamani kwa sababu urithi unamtegemea yeye. Hakimu Azdak, aliyekuwa mwandishi wa kijiji na aliyefika kitini kwa bahati na ulevi, anachora duara kwa chaki, anamweka mtoto katikati, na kuwaamuru wanawake wamvute. Mzazi anavuta. Mlezi anaachilia asije akamuumiza, na kwa hiyo anapewa yeye.

Azdak aliigizwa na Jayasena mwenyewe, karani wa serikali akivaa joho la karani mwenzake.

Hapa ndipo mwanafunzi wa tafsiri anapopaswa kusimama na kutazama vizuri. Brecht aliandika tamthilia hiyo uhamishoni Marekani mwaka wa 1944, akiazima kutoka mchezo wa kale wa Kichina. Naye msikilizaji wa Kisinhala alikuwa na hukumu kama hiyo nyumbani kwake kwa karne nyingi. Katika hadithi za Jataka, zinazosimulia maisha ya awali ya Buddha, mwenye hekima Mahosadha anachora mstari ardhini na kuwaamuru wanawake wawili wavutane mtoto; anayemwonea huruma na kumwachilia ndiye mama. Tofauti ni kwamba katika Jataka mwenye huruma ndiye mzazi, ilhali kwa Brecht ni mlezi. Kwa hiyo mtazamaji wa Colombo aliingia ukumbini akidhani anaijua hukumu, akatoka amepinduliwa. Tafsiri haikuwa mgeni aliyekaribishwa kwa adabu. Ilikuwa jamaa aliyerudi kutoka safari ndefu akiwa na hoja mpya, na jamaa wa namna hiyo ndiye anayesumbua nyumba.

Kiswahili kina methali iliyokwisha kutoa hukumu ya Azdak: kuzaa si kazi, kazi kulea. Ajabu ni kwamba wahakiki wanaoinukuu methali hiyo katika mjadala wa malezi huisahau wanapojadili uzawa wa fasihi. Hunuwataye Kathawa ilionyeshwa kwa miongo kadhaa, vizazi vikapokezana waigizaji, nyimbo zake zikaimbwa nje ya ukumbi. Kusema kwamba hiyo si fasihi ya Kisinhala ni kusimama upande wa mke wa gavana, anayeshika mkono wa mtoto kwa hati ya kuzaliwa.

Yamkini atatokea wa kupinga kwamba tafsiri huua vipaji vya wenyeji. Kwa Jayasena ushahidi unaelekea kwingine. Mwaka mmoja tu baada ya Hunuwataye Kathawa alitoa tamthilia yake mwenyewe, Apata Puthe Magak Nethe, ambayo jina lake lina maana ya "Mwanangu, hatuna njia", juu ya vijana waliofungiwa milango ya maisha. Mwezi wa Aprili 1971 vijana wa kisiwa hicho walishika silaha dhidi ya serikali. Mwaka wa 1972 akarudi kwa Brecht na kutoa Diriya Mawa, kisa cha mama anayeishi kwa biashara ya vita na kupoteza watoto wake wote. Utungo na tafsiri zilikuwa mikono miwili ya mtu mmoja.

Afrika Mashariki nayo haiko mbali na habari hii. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka wa 1969, miaka miwili baada ya Hunuwataye Kathawa, na wahakiki wamekwisha kuonyesha athari za Brecht katika uandishi wake. Kinjeketile imehesabiwa fasihi ya Kiswahili bila ubishi, na ni haki. Lakini tafsiri zilizoandikwa miaka hiyohiyo ziliishia rafuni, na sababu si kwamba zilizaliwa ugenini. Ni kwamba hazikupata mlezi. Nyerere alikuwa na nchi ya kuongoza, asingeweza kuvaa vazi la Shailoki kila Jumamosi. Ilihitajika watu wa kuyatoa maneno yale kitabuni na kuyapitisha vinywani, kuyapunguza yanapokwama, kuyapanua yanapobana, mpaka hadhira isahau kwamba yaliwahi kuwa ya mtu mwingine. Jayasena aliifanya kazi hiyo kwa mwili wake mwenyewe, akitafsiri usiku maneno ambayo yeye mwenyewe angeyatamka mbele ya watu.

Katika Idara za Kiswahili tafsiri hufundishwa kwa kalamu na kamusi, na tamthilia hufundishwa kwa maswali ya mtihani. Ni nadra mwanafunzi kutakiwa kusimama na kusema kwa sauti sentensi aliyoitafsiri, mbele ya wenzake ambao hawajaiona, ili ajue kama wataielewa au watakohoa. Mabepari wa Venisi ingali maktabani. Inaweza kuanzwa nayo muhula ujao.