Jiko la makaa si la kulala nalo

Kila ifikapo mwezi wa Juni, baridi huanza kuteremka kutoka Mau na Nyandarua hadi mjini Nakuru, na haituachi mpaka Agosti inapokaribia kwisha. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nazo Molo na Nyahururu zimepita mita 2,300. Si ajabu basi kwamba usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Katika majira hayo, msomaji, jiko la makaa huondolewa barazani likaingizwa chumbani. Na katika majira hayo hayo husikika tena ile habari tuliyoizoea: mtu, au mume na mke pamoja na watoto wao, wamepatikana asubuhi wamekufa kitandani, mlango umefungwa kwa ndani, na pembeni pana jiko lililojaa majivu.

Majirani hunong'ona kuhusu sumu au mkono wa mtu. Mazishi hufanywa, michango hutolewa, na mwaka ufuatao habari hiyo hurudi kwa majina mengine. Maoni yangu ni kwamba vifo hivi havina fumbo lolote, na tunakosea kuviita bahati mbaya. Ni vifo vinavyozuilika, na lawama haipaswi kumwangukia marehemu peke yake.

Yafaa kwanza tumjue adui. Makaa yanapowaka mahali pasipo hewa ya kutosha, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu wala haina ladha, na haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ukiivuta, huingia katika damu na kujishikiza kwa himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Nayo hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hivyo kiasi kidogo tu hewani chatosha kuinyima akili na moyo oksijeni, ilhali mtu anaendelea kupumua kama kawaida. Aliyelala hahisi kukabwa. Usingizi wake huzidi kuwa mzito, na anaposhtuka, ikiwa atashtuka, miguu haimbebi hadi mlangoni.

Hapa ndipo imani zetu hutuponza. Wengi husema: "Jiko langu limekolea, halina moshi tena, kwa hivyo ni salama." La hasha! Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa gesi hii kwa wingi, na kutoweka kwa moshi kumeondoa onyo pekee ulilokuwa nalo. Wengine huweka sufuria ya maji kando ya jiko wakidhani maji yatainyonya sumu. Gesi hii haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kukusaidia. Wapo pia wanaoyafukia makaa kwa majivu ili yadumu hadi alfajiri. Hao huurefusha muda wa kutoka kwa sumu, kwani makaa yanayofukuta polepole kwa kukosa hewa ndiyo hatari zaidi.

Najua utaniuliza: "Daktari, mbona nyanya yangu alilala kando ya moto miaka themanini?" Swali hilo ni la haki. Nyumba ya nyanya ilikuwa ya udongo na nyasi. Moshi ulipenya paani, hewa ikaingia chini ya mlango na penye nyufa za ukuta. Hata hivyo moto ule haukumwacha salama kabisa, kwani wazee wengi wa enzi hizo walikuwa na kikohozi kisichokoma na macho mekundu. Leo wewe unaishi katika chumba cha mawe kilichopigwa plasta, chenye dirisha la kioo, paa la mabati na dari chini yake. Zaidi ya hayo, umeziba kila upenyo kwa matambara na karatasi za plastiki kwa sababu ya baridi. Nyumba ya nyanya ilipumua, lakini yako haipumui. Walowezi waliojenga nyumba zao Njoro na Molo walilijua jambo hili, ndiyo maana mpaka leo utaona dohani juu ya mapaa yake. Chumba cha kukodi hakina dohani, na bila dohani chumba hakifai kuwashwa moto.

Sasa niwageukie vijana na familia zinazopenda kupiga kambi. Siku hizi ni kawaida kwa wakazi wa Nakuru na Nairobi kwenda kulala kando ya Ziwa Naivasha, karibu na Hell's Gate, au ukingoni mwa Menengai. Nyama huchomwa, hadithi hupigwa, kisha saa sita usiku baridi inapouma mtu hulibeba jiko la nyama na kuliingiza hemani. Hema ni dogo kuliko chumba chochote, na likilowa mvua au umande kitambaa chake huzidi kuzuia hewa. Kufungua zipu kidogo si dawa. Hali kadhalika, anayelala ndani ya gari au gari la kambi asitumie meko ya gesi ya kupikia ili kujipasha joto, wala asiache injini ikinguruma usiku kucha. Jenereta nayo iwekwe mbali na mahali pa kulala.

Aidha, ukumbuke kwamba unapopanda milima hewa huwa nyepesi. Pumzi moja ya Molo ina takriban robo tatu tu ya oksijeni iliyomo katika pumzi ya Mombasa. Mwili uliozoea hali hiyo huimudu vyema, lakini akiba ya kupambana na sumu ni ndogo. Walio hatarini zaidi ni watoto, wazee, wagonjwa wa moyo na wa pumu, na mama wajawazito. Mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika vibaya hata pale ambapo mama yake amepona.

Dalili zake ni zipi? Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na miguu kuregea. Utaona kwamba dalili hizi hufanana na malaria, mafua, chakula kibaya, hata na uchovu wa pombe ya jana. Mgonjwa hutembezwa kutoka maabara moja hadi nyingine akipimwa malaria na homa ya matumbo, kisha hurudi nyumbani kulala na jiko lile lile. Jiulize maswali matatu. Je, ninaumwa kichwa bila homa? Je, tunaougua nyumbani ni zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja? Je, ninapata nafuu nikitoka nje na kuzidiwa nikirudi? Jibu likiwa ndiyo, lishuku jiko kabla ya mbu, na umweleze daktari waziwazi kwamba mlilala na makaa. Nasi madaktari tunapaswa kuuliza habari za jiko, kwani kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, ambacho wengi mlikijua wakati wa Korona mwaka 2020, hakiwezi kuitofautisha gesi hii na oksijeni. Kitasoma kwamba damu iko sawa hali mgonjwa anazama.

Ukimkuta mtu amezirai chumbani mwenye jiko, fungua mlango na madirisha, vuta pumzi ya nje, kisha umburute nje upesi. Usikae ndani kujaribu kumwamsha. Wangapi wamekufa wakiokoa! Akiwa hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkanda kifua aanze mara moja. Usimnyweshe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu iliyo ndani ya damu, na aliyezirai yanaweza kumwingia mapafuni. Dawa yake ni oksijeni hospitalini. Katika hewa ya kawaida sumu hii huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu, lakini kwa oksijeni ya barakoa muda huo hushuka hadi kama saa 1 au saa 1 na nusu. Hata aliyezinduka mwenyewe ni sharti apelekwe, kwani kupoteza kumbukumbu au kubadilika tabia kunaweza kujitokeza siku au majuma kadhaa baadaye.

Je, tufe kwa baridi? Hapana. Shauri langu ni hili: upashe mwili joto, si chumba. Ota moto wako barazani au mlango ukiwa wazi, pika chakula cha moto ule ushibe, kisha jiko litoke nje kabla hujapanda kitandani. Vaa soksi kavu, sweta na kofia. Baridi nyingi hutoka chini, kwa hivyo ongeza mkeka, gunia au magazeti chini ya godoro. Hata gazeti hili ukishalisoma laweza kukufaa hapo! Tia maji moto katika chupa imara ya mpira, funga kifuniko barabara, ifunge kwa kitambaa na uiweke miguuni. Usimwekee mtoto mchanga chupa hiyo, kwani ngozi yake huungua upesi. Mtoto huyo apate joto la kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi. Usitegemee pombe. Huleta damu karibu na ngozi ukajihisi umepata joto, kumbe ndipo joto linapokutoroka.

Mwenye uwezo wa kununua hita ya umeme anunue ile yenye thamostati, yaani swichi inayozima joto likifikia kiwango ulichochagua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu nyumba, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango salama cha chini ndani ya nyumba wakati wa baridi, ingawa wazee, watoto wachanga na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi kidogo. Hakuna haja ya kuigeuza Nakuru kuwa Mombasa kwa nyuzi 27, utalipia umeme bure. Hita isikaribie pazia wala blanketi, na nguo zisianikwe juu yake. Katika nchi za baridi kama Uingereza na Marekani, tanuri za kupasha nyumba joto hutoa hewa chafu nje kwa bomba, na nyumba nyingi huwekwa kengele inayolia gesi hii ikivuja. Mwenye kambi ya kukodisha au gari lenye hita ya gesi hana udhuru wa kukosa kengele hiyo.

Hata hivyo, si haki kumwambia maskini "usiwashe jiko" kisha tukaenda zetu. Mwenye ploti anayepokea kodi kila mwezi aweke matundu ya hewa karibu na dari katika kila chumba, na maafisa wa afya wa kaunti wayakague kama wanavyokagua vyoo. Mwajiri wa bawabu ampe koti zito, buti na blanketi, kwa sababu yule mzee anayejifungia na makaa kibandani analinda mali ya mtu aliyelala kwenye joto. Wenye kambi wakodishe blanketi za ziada na wakatae jiko kuingia hemani. Machifu na redio zetu waseme habari hii mwezi wa Mei, kabla ya mazishi ya kwanza.

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021. Hadhi hiyo haitakuwa na maana ikiwa wakazi wake watalazimika kuchagua baina ya kutetemeka na kutoamka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami naongeza kwamba wakati mwingine ki chumbani mwako, chekundu na kizuri kutazama. Leo usiku, kabla hujazima taa, litazame jiko liko wapi. Likiwa ndani, litoe.