Bustani ya Jangwani inakuja: nyasi zake zikikatwa zitatupwa wapi?

Kwa msikilizaji aliye mbali na Dar es Salaam, redio humletea jina la Jangwani kwa sababu mbili tu: Yanga wameshinda, au mvua imenyesha. Ya Yanga tuwaachie wenzetu wa michezo. Leo tunaizungumzia Jangwani ya mvua, bonde lile ambalo Barabara ya Morogoro inalivuka kutoka Magomeni kuingia Kariakoo na Upanga. Mto Msimbazi, unaoanzia kwenye milima ya Pugu, hapo ndipo unapotanuka kabla ya kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Maji yakijaa, barabara inafungwa, na mabasi ya mwendokasi yanashindwa kupita. Hata karakana ya mabasi hayo ilijengwa humo humo bondeni, na imewahi kuingiliwa na maji zaidi ya mara moja.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, unaosimamiwa na TARURA. Ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani, kupanua na kuchimba njia ya mto, kuihamisha karakana ya mabasi, na kwenye eneo lililoachwa wazi, bustani kubwa ya jiji. Daraja limeshazungumzwa sana, na fidia za waliobomolewa nyumba zimezungumzwa zaidi. Bustani imezungumzwa kama picha tu: miti, watoto wanacheza, nyasi za kijani. Sisi tunauliza swali dogo ambalo kwenye picha halimo. Nyasi hizo nani atazikata, kwa mashine ya namna gani, na zikishakatwa zitakwenda wapi?

Msikilizaji wa Kilosa au Rufiji anajua udongo wa bondeni ulivyo. Mto ukishamwaga tope lake, nyasi hazisubiri mbolea. Kuanzia Machi mpaka Mei, wakati wa masika, eneo kama hilo linaweza kudai kukatwa kila wiki. Kijana mwenye slesha anafaa kwa uwanja wa shule au kwa kando ya barabara. Mashine ya kubeba begani, ile yenye uzi au kisu mbele, inafaa kwenye miteremko na kuzunguka miti. Lakini kwa eneo pana lililo tambarare, jiji lolote hatimaye hununua mashine ya kupanda, ile ambayo dereva anaikalia kama trekta dogo. Na mashine hiyo huanza kufa kwa kitu ambacho dereva akiwa kitini hakioni.

Chini ya tumbo lake kuna bati nene la chuma lililopinduliwa kifudifudi kama sinia. Tuliite sinia la visu. Ndani yake visu viwili au vitatu huzunguka kwa kasi kubwa, na ncha za nyuma za kila kisu zimekunjwa juu kidogo kama bawa. Bawa hilo ndilo siri yenyewe. Linavuta hewa kwenda juu, hewa inazisimamisha nyasi zilizolala, kisu kinazikata, kisha upepo ule ule unazitupa nje kupitia mdomo wa pembeni. Kwa hiyo sinia ni chombo cha upepo kwanza, halafu ndipo ni kifuniko.

Nyasi mbichi zikigandana chini ya sinia, upepo unakosa nafasi. Mashine inaanza kuacha vishungi, inamwaga marundo, mdomo unaziba, mkanda unateleza na kunuka kama mpira unaoungua. Dereva anadhani injini imechoka, anaongeza mafuta. Ugonjwa wenyewe ni uji wa nyasi uliokauka unene wa vidole viwili. Uji huo pia unashika unyevu usiku kucha dhidi ya chuma. Kwenye hewa ya chumvi ya Dar es Salaam hatuhitaji kumweleza mtu yeyote mwenye mabati ya nyumba nini kinafuata. Baada ya misimu michache sinia linatoboka, na kulinunua jipya ni gharama inayomfanya bwana afya aiegeshe mashine chini ya mwembe na kurudi kwa vijana wa slesha.

Usafi wake si wa kisomi. Zima injini, ondoa ufunguo, chomoa waya wa plagi ili visu visizunguke kwa bahati mbaya, subiri vipoe. Kwangua kwa kipande cha mti au plastiki ngumu, si kwa panga, kwa sababu panga linakwangua rangi na kukaribisha kutu. Masinia mengine yana tundu la kuunganishia mpira wa maji. Hayo huoshwa mashine ikiwa inanguruma kwenye sehemu tambarare, watu wakiwa mbali. Maji yasielekezwe kwenye beringi za visu. Kisha viache visu vizunguke dakika moja au mbili ili sinia likauke. Jambo hili lifanyike siku hiyo hiyo ya kukata. Kesho yake uji umeshakuwa saruji.

Kisu nacho kinolewe kila baada ya saa 25 hivi za kazi. Jangwani tungesema mapema zaidi, kwa sababu mafuriko huacha mchanga, na mchanga unakula makali. Ukishanoa, kiweke kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, uendelee kuupunguza. Kisu kisicho na uwiano hutetemesha mashine nzima na kumaliza beringi. Mafundi wa Gerezani na Kariakoo wanaweza kubadilisha beringi, na vipuri vyake vinaingiliana na vya mashine nyingine nyingi, lakini beringi haipaswi kuwa kitu cha kununua kila masika.

Kuna hatari moja ambayo Jangwani inayo kuliko viwanja vya kwenye vitabu vya maelekezo. Kila mafuriko yanapopungua, mto unaacha chupa, waya, nondo fupi, viatu na mawe. Ncha ya kisu ikigonga kipande cha waya, kinatoka kama risasi. Kwenye bustani yenye watoto, kutembea na kuokota kabla ya kukata ni nusu ya kazi yenyewe, na mkataba wowote usiomlipa mtu wa kuokota unamwandaa mtu kuumia.

Sasa tuje kwenye nyasi zilizokatwa, maana hapa ndipo kuna jambo kubwa.

Zaidi ya robo tatu ya uzito wa nyasi mbichi ni maji. Ukizipakia kwenye lori kuzipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, unanunua dizeli ili kusafirisha maji. Kwa sababu hiyo, mahali pengi mjini njia rahisi hushinda: zinasukumwa kwa reki mpaka kwenye mfereji wa barabara. Hapo zinakutana na mifuko na chupa. Hatusemi nyasi ndizo zinazoifurisha Msimbazi. Mchanga, taka ngumu na ujenzi wa bondeni vina kesi kubwa zaidi. Lakini nyasi ni kama utambi wa mkeka: zenyewe laini, zikishasukwa na plastiki kwenye wavu wa karavati zinafunga kabisa. Zile zinazofika mtoni huoza, na kuoza kunakula hewa ya maji ambayo samaki na viumbe wadogo wanaihitaji. Itakuwa ajabu kukopa dola milioni 200 kuusafisha mto, kisha bustani ya mradi huo huo iulishe mto taka.

Njia iliyo nafuu kuliko zote ni kuziacha palepale. Ukikata mara kwa mara, ukiondoa si zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja, vipande vinakuwa vifupi, vinazama kati ya mashina na kuoza ndani ya siku chache. Vinarudisha naitrojeni ardhini, kiasi kinachoweza kufikia robo ya mbolea ambayo uwanja unahitaji kwa mwaka. Sharti lake ni sinia safi na kisu chenye makali. Mashine chafu haisagi wala haitawanyi. Inatema mabonge, na mabonge yanachoma nyasi za chini yake. Ndiyo maana tumelizungumza sinia kwa kirefu: meneja asiyelisafisha atajikuta ana marundo, na mwenye marundo atautafuta mfereji.

Njia hiyo lakini ina mpaka wake. Ukanda ulio karibu kabisa na maji, unaofunikwa na mafuriko, usiachiwe nyasi zilizokatwa wakati wa masika. Mvua moja itazibeba zote. Huko zikusanywe, na marundo yawekwe juu, mbali na ukingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kipimo hicho kingefaa pia kwa rundo la nyasi.

Zilizokusanywa ni mali. Wafugaji wa ng'ombe wa ndani mjini hununua majani kwa mzigo, na wengi wenu mnaosoma hapa mnaijua bei ya kiangazi. Ila tahadhari. Nyasi za mashine zikikaa kwenye rundo hupata joto kwa saa chache na kuanza kuchacha. Mpe ng'ombe zikiwa mbichi, kidogo, zimechanganywa na majani makavu, na punda usimpe kabisa, tumbo lake halizimudu. Zilizotoka kwenye uwanja wenye waya na plastiki asipewe mnyama yeyote: kipande cha waya kikitulia tumboni mwa ng'ombe kinaweza kutoboa mpaka kufika kwenye moyo. Kwa uwanja safi, kama wa kanisa, msikiti au shule ya kijijini kwenu, unaweza kuzinyausha, kuzishindilia kwenye pipa au mfuko mzito usiopitisha hewa, ukapata sileji.

Zisizofaa kwa mifugo zitengenezwe mboji. Nyasi mbichi peke yake hunuka na kuteleza. Changanya sehemu moja ya nyasi na sehemu mbili au tatu za vitu vikavu, majani ya miti, maranda au mabua. Manispaa ya Kinondoni tayari ina kiwanda cha mboji kule Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani. Mabwepande ndiko walikopelekwa baadhi ya waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011, wakiwamo wa Jangwani. Jangwani yenyewe iko chini ya Halmashauri ya Jiji, si Kinondoni, na lori halijui mipaka, lakini bajeti zinaijua vizuri sana. Kwa maoni yetu, rundo la mboji ndani ya bustani yenyewe, kwenye sehemu ya juu, ni bora kuliko safari ya Mabwepande.

Nani afanye kazi hii? Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi cha vijana wa Jangwani, Kigogo au Magomeni chenye mashine moja, kinacholipwa kukata na pia kinachoruhusiwa kuuza mboji, kina sababu mbili za kutotupa nyasi mtoni. Kampuni inayolipwa kwa eneo lililokatwa tu haina hata moja. Kwa hiyo tunapendekeza mkataba useme waziwazi mambo matatu: saa ya kuokota taka kabla ya kukata, saa ya kusafisha sinia baada ya kukata, na mahali nyasi zinapowekwa. Saa hizo zilipwe. Kazi isiyolipwa ndiyo ya kwanza kurukwa ikifika jioni.

Halmashauri za wilaya nazo zina viwanja vya hospitali, shule na ofisi, na baadhi zimeshanunua mashine za aina hii. Kama ya kwenu imeegeshwa, kabla hamjaambiwa injini imekufa, mwombeni fundi aiinue upande wa mbele, aiwekee mawe imara, achomoe waya wa plagi na achungulie chini.