Mgodi wa Mpanda na Somo la Zebaki

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa moja la shule ya msingi iliyo karibu na machimbo madogo ya dhahabu, upande wa Mpanda, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha somo la metali. Alikuwa amejiandaa vema. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mwandiko wake ubaoni ulipendeza, na wanafunzi walikariri pamoja naye kwamba zebaki ni metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida. Ndipo mtoto mmoja akanyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, baba huichoma kwenye kikaango jikoni. Ule moshi wake una madhara?" Mwanachuo akajibu kwamba jambo hilo halimo katika muhtasari, kisha akaendelea na somo. Nasi tulioketi nyuma na fomu ya tathmini mkononi hatukutamka neno. Tulimpa alama nzuri.

Njia ya kurudi Malangali ni ndefu, na tulipata muda wa kutosha kuona aibu. Kosa halikuwa la kijana yule. Sisi wakufunzi ndio tuliomfundisha kwamba madini ni orodha: jina, alama, matumizi, nchi yatokako. Ukimwuliza mwanachuo zebaki huchimbwa wapi, atakutajia Almadén ya Hispania na Idrija ya Slovenia, migodi mikongwe ambayo sasa imefungwa na ambayo mwaka 2012 iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mwulize kuhusu mgodi wa risasi wa Uruwira, ulio karibu na Mpanda, naye atanyamaza. Hali reli ya tawi itokayo Kaliua hadi Mpanda, iliyokamilika mwaka 1950, ilijengwa kwa ajili ya mgodi huo! Ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Wanachuo wengi wamesafiri kwa treni hiyo bila kujua ni mbale ya risasi iliyowaletea njia.

Maoni yetu ni kwamba somo la madini katika sehemu hizi lianzie kwenye mgodi huo uliokufa. Mbale yake kuu ni galena, yaani risasi iliyoungana na salfa, nayo iliandamana na shaba, fedha na dhahabu. Galena ni zana bora ya kufundishia, kwani haihitaji maabara. Hung'aa kama chuma kipya. Ukiigonga hupasuka vipande vya pembe nne vilivyonyooka. Na uzito wake ni kama mara saba na nusu ya uzito wa maji ya ujazo ule ule. Mtoto akiwekewa galena mkono mmoja na jiwe la kawaida la ukubwa huo mkono wa pili, somo la densiti limekwisha kabla chaki haijashikwa.

Kutoka hapo njia ya kufikia zebaki ni fupi. Mbale ya zebaki, iitwayo sinabari, ni nyekundu, nayo pia ni metali iliyoungana na salfa. Zote mbili huletwa na maji ya moto yapandayo katika nyufa za miamba na kuacha humo yaliyoyayeyusha. Lakini sinabari hupenda kukaa karibu na uso wa nchi, mahali pa joto dogo, penye volkano au chemchemi za moto. Miamba ya Ufipa na Mpanda, ambayo wanajiolojia huiita ya Ubendi, ina umri wa karibu miaka milioni 2,000, na sehemu kubwa tunayoikanyaga leo iliumbika chini sana ardhini. Yaliyokuwa juu yake yamekwisha kumomonyoka. Mwanafunzi aliyeelewa hayo atatambua mwenyewe kwa nini si ajabu kwamba hatuna mgodi wa zebaki, na kwamba zebaki iliyo katika chupa ya mchimbaji imetoka ng'ambo.

Hapo ndipo swali la yule mtoto lilipostahili kujibiwa. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu, nayo huikamata dhahabu na kufanya donge. Akilichoma donge, dhahabu hubaki na zebaki hupanda hewani. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Anayeuvuta hajui kuwa ameuvuta. Huingia damuni kwa njia ya mapafu, ukadhuru ubongo, neva na figo, na watoto na wajawazito ndio walio hatarini zaidi. Jikoni hapafai kabisa. Donge lichomwe mbali na nyumba, ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kuupoza mvuke, ambao hugeuka zebaki tena na kutumika upya. Jibu lote hilo lisingechukua dakika tano.

Wenzetu watasema muhtasari ni mrefu na vipindi ni vichache. Ni kweli. Lakini Wafipa walifua chuma katika tanuru ndefu za udongo, malungu, zenye kimo cha kama meta tatu, zilizovuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mivuo. Kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuru ndogo iliyopulizwa kwa mivuo. Ujuzi huo ulirithishwa kwa kutenda na kuuliza, na mtoto aliyeuliza juu ya moshi hakuambiwa kwamba moshi haumo.

Kwa muhula ujao tumekubaliana mambo mawili. Kila mwanachuo aendaye mazoezini ataandika katika andalio lake swali moja ambalo watoto wa mahali pale huweza kuuliza, pamoja na jibu lake. Na katika fomu ya tathmini tumeongeza mstari: je, mwalimu alijibu alichoulizwa? Mstari huo utamhusu pia mkufunzi aliyeketi nyuma. Kuhusu shule ile, tumeandika kuomba ruhusa ya kurudi kwa kipindi kimoja tu, na safari hii tutakifundisha sisi wenyewe.