Usitoe Ufunguo Kabla ya Kuangalia Ndoo
Gari huoshwa na yeyote mwenye ndoo, lakini si kila mwenye ndoo ni fundi. Mwaka jana niliacha langu, jeusi, kwa vijana wa kando ya barabara hapa Dar es Salaam, nikalikuta linang'aa. Kesho yake jua la asubuhi lilipopiga boneti, nikaona mikwaruzo myembamba ya duara, kama utando wa buibui. Kitambaa kilichofuta matope ya matairi kilikuwa kimepandishwa kwenye bodi pamoja na mchanga wake. Tangu hapo sitoi ufunguo kabla ya kuangalia. Je, mwoshaji ana ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa? Vitambaa vya ringi amevitenga na vya bodi? Anatumia shampuu ya magari, au sabuni ya unga ya kufulia, ambayo huondoa nta inayolinda rangi? Akitaka kuosha injini kwa maji ya presha, anafunika kwanza altaneta na viungio vya nyaya? Fundi mwaminifu hulizunguka gari pamoja nawe, akakuonyesha mikwaruzo iliyokuwepo, na bei mkakubaliana kabla hajalowesha kitu. Na akikwambia kwamba mkwaruzo fulani umefika kwenye chuma na polishi haitausaidia, mshike huyohuyo: amekubali kukosa pesa yako leo ili asikudanganye. Rangi ya kiwandani ikishaliwa, hairudi. Fundi wa namna hiyo anajua, ndiyo maana huigusa kwa heshima.