Gesi Gani Hii Inayokuja na Gunia?

Jamani, kuna neno moja linaficha maradhi kibao: gesi. Kifua kikibana, gesi. Mkono wa kushoto ukifa ganzi, gesi. Mjomba wangu kule Kilindoni, Mafia, mchuuzi wa nazi, akiwa barazani na kahawa yake yuko fiti ile mbaya. Abebe gunia kutoka ufukweni, hatua chache tu, kifua kinabana. Akipumzika dakika tano, kwisha! Anakunywa tangawizi, anasonga mbele.

Msomaji wangu, gesi inayokuja ukibeba na kuondoka ukikaa, itilie shaka. Mishipa inayoulisha moyo ikiwa imeziba kiasi, damu kidogo inayopita inautosha moyo uliotulia. Utume kazi, uone. Ndiyo maana kipimo cha umeme wa moyo, unachopimwa ukiwa umejilaza kama sultani, kinaweza kutoka safi na ugonjwa upo.

Kwa hiyo mtu anapimwa akiwa na jasho lake. Kwanza moyo unapigwa picha ya ultrasaundi, wenyewe wanaiita eko. Halafu unapanda mashine ya kukimbilia, nyaya kifuani. Kwa utaratibu wa Dk. Robert Bruce wa Marekani, unaotumika tangu miaka ya 1960, kila dakika 3 kasi na mwinuko vinaongezwa. Mapigo hutakiwa yafike asilimia 85 ya 220 ukitoa umri wako. Kwa mjomba mwenye miaka 58, ni kama 138 kwa dakika. Hapo unashuka, unalala ubavu wa kushoto, unapigwa picha nyingine chapchap kabla moyo haujapoa. Daktari anaangalia kuta za moyo: zinabana zote, au kuna upande umezubaa? Uliozubaa ndio unaonyimwa damu. Wenye magoti mabovu wasihofu, kuna dripu ya dobutamini inayoukimbiza moyo miguu ikiwa imelala.

Kwa mgonjwa wa Mafia, njia ni boti hadi Nyamisati kisha basi, au ndege, mpaka Dar kwa mabingwa wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza 2015 pale Muhimbili. Wewe uliyeko mjini msindikize mzee wako, na umwambie daktari habari ya gunia, maana mwenyewe atasema gesi tu.

Ila maumivu yakija mtu amekaa, au yakigoma kuondoka, habari ya kukimbia kwenye mashine haipo tena. Hospitali ya karibu, saa hiyo hiyo.