Jina la kikundi ni deni

Sisi waseminari tulio likizo Mpanda tunaunda kikundi cha ngoma na maigizo pamoja na vijana wa parokia. Wapo wanaotaka jina la Kiingereza, eti ndilo lenye mvuto. Sisi tunapendekeza Atiman.

Mwaka 1889 alifika Karema, humuhumu Katavi, kando ya Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman: mtumwa aliyekombolewa, akasomea utabibu Malta. Alikuwa tabibu na katekista huko hadi alipofariki mwaka 1956. Atakayeuliza maana ya jina letu atasimuliwa habari hiyo.

Lakini jina ni deni. Tukijiita Atiman, kisha tukacheza kwenye sherehe za wenye fedha tu na kuwasahau wagonjwa wodini, afadhali tubaki bila jina.