Hesabu Iliyokuwa Mlangoni

Mwaka 1985 György Ligeti alitunga "Désordre" kwa piano: mkono wa kulia vibao vyeupe, wa kushoto vyeusi, mapigo yakipangwa matatu kwa matano hadi mikono ikapishana. Hiyo ikaitwa hisabati. Wapiga amadinda wa Buganda, kila mmoja akijaza pengo la mwenziwe hata ukasikika wimbo asioupiga yeyote, tunawaita watumbuizaji. Ligeti mwenyewe alikiri deni lake kwa Afrika. Wanaolikana ni sisi.

Warundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliorodheshwa na Unesco mwaka 2014, waliishi Mtendeli, Kigoma, hadi kambi ilipofungwa mwaka 2021. Tuliwahesabu vichwa, tukawapimia unga. Mapigo yao, nani aliyahesabu? Amadinda na ngoma hizo ziingie darasa la hesabu, si uwanja wa sherehe tu.